Nusu ya Ndoo

Kila asubuhi kabla ya shule, Kijiti na kaka yake walileta ndoo ya maji kutoka bombani. Waliitundika kwenye mti wa kubebea, kila mmoja akaweka ncha moja begani, kaka mrefu mbele, Kijiti mfupi nyuma. Na kila asubuhi Kijiti alishindwa njiani, akaomba watue.

Kaka hakuelewa. Ndoo ilikuwa na kilo ishirini, wabebaji wawili, basi kila mtu kumi. Mbona yeye hachoki? Alimshtaki kwa baba, na baba, asiyevumilia uvivu hata kidogo, akasema mvivu hachezi mechi ya Jumamosi. Kijiti ndiye aliyekuwa mlinda mlango wa darasa lao. Alilia, lakini hakujua ajitetee vipi, maana hesabu ya kaka hata yeye aliiona sawa.

"Labda kweli mimi mvivu, mama," alisema.

Mama yao alikuwa mhandisi wa majengo. Aliwataka wabebe ndoo uani kama kawaida, akatoa tepu yake. Bega hadi bega, mita mbili. Mti uliinamia nyuma, na ndoo ilikuwa imeteleza mpaka nusu mita kutoka kwa Kijiti.

"Pima kuanzia begani kwako," mama alimwambia kaka. "Ndoo iko wapi?"

"Mita moja na nusu."

"Zidisha kwa kilo ishirini, ugawanye kwa mita mbili za mti. Hizo ndizo kilo za mwenzio."

Kaka alipiga hesabu, akairudia, akakuna kichwa. "Kumi na tano? Halafu mimi tano tu? Haiwezekani."

Mama aliisogeza ndoo karibu na kaka, akaifunga kamba isiteleze, akawaambia wazunguke ua. Kaka alirudi anahema. Nyuma yake Kijiti alikuwa akiimba.

Mama alieleza kwamba boriti juu ya nguzo mbili ni hivyohivyo: nguzo iliyo karibu na mzigo hulemewa zaidi, na mjenzi akigawa nusu kwa nusu bila kupima, nyumba huanguka.

Kaka alikwenda mwenyewe kwa baba, akasema alikosea. Baba akamwita Kijiti.

"Kacheze mechi yako, mwanangu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kabla ya kumwita mtu mvivu, tulipaswa kuangalia kwanza mzigo umekaa upande gani. Mimi pia sikuangalia."

Asubuhi iliyofuata, ndoo ilifungwa katikati.