Mstari wa Nne

Ilikuwa siku ya soko Busia, mwaka wa 1974, na masijala ya korti ilijaa watu mpaka mlangoni. Opolot, karani wa wakala wa forodha kule Malaba, alijipenyeza hadi kaunta, suruali yake ya belbotomu ikifagia sakafu.

"Dada, natafuta kesi ya lori la boss wangu."

Wilkister Nanjala, karani wa masijala, gauni la kijani, kola nyeupe, hakuinua macho. "Kadi ya kesi haijui lori. Ina mistari minne: aliyeshtaki, aliyeshtakiwa, hakimu, mwaka. Unatafuta kwa mstari gani?"

"Kwa ule wako."

Watu wakacheka. Wilkister naye akacheka, amejificha nyuma ya kadi, kisha akasema:

"Kitendawili!"

"Tega."

"Ndugu wanne kitanda kimoja, ukimuuliza mmoja peke yake, atakudanganya."

"Nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Chukua Malaba yote, na mimi ndani yake."

"Nimechukua. Jibu utapata siku ya harusi."

Basi kila Ijumaa simu ya masijala ikawa inalia, Wilkister akiipokea. "Hallo, Malaba yangu haijambo?"

"Haijambo, mpenzi, ila imekonda kwa kukungoja."

Kufika Agosti, wazee wa Opolot walikuwa wamepanga siku ya kwenda Marachi, kwa kina Wilkister, kuposa.

Wiki moja kabla, Opolot alipita masijala akamkuta Wilkister ametoka kunywa chai. Kwa utani tu akavuta droo ya N, aone kama mpenzi wake yumo. Alikuwemo. Aliyeshtaki: Bwire. Aliyeshtakiwa: Wilkister Nanjala. Kando, kwa wino, hukumu: mke arudi kwa mumewe.

Akasukuma droo, akaondoka bila kuaga.

Wilkister alipiga simu Malaba mara saba. "Opolot hayuko," aliambiwa, huku akimsikia mwenyewe akikohoa pale pale. Siku ya posa mama yake alichinja kuku wawili, wageni hawakuja. Krismasi ilimkuta Opolot ameshaoa msichana wa Kocholia.

Machi, boss wake akamtuma masijala tena.

"Nilikukosea nini, Opolot?"

"Muulize Bwire, mume wako."

Wilkister akavuta droo, akaweka kadi juu ya kaunta. "Nisomee mstari wa nne."

"Elfu moja mia tisa... thelathini na nane."

"Mimi nilikuwa wapi mwaka huo?"

Opolot aliisoma kadi tena.

"Huyo ni nyanya yangu. Alikufa, nikazaliwa, nikapewa jina lake lote. Na wewe, hilo Opolot ulilitoa wapi?"

"Kwa... kwa babu yangu." Akashika ukingo wa kaunta. "Mpenzi, mimi—"

"Jibu la kitendawili ni kadi. Nilisema siku ya harusi. Yako ilipita bila mimi."

Akamsukumia faili ya boss wake na daftari.

"Weka sahihi hapa. Na mwaka, bwana. Usisahau mwaka."