Mgongo wa Idd

Soko la Kibuye lilikuwa limefurika Jumapili hiyo, mitumba imerundikwa mpaka njiani. Zeituni alikuwa kwenye cherehani yake, gauni la samawati na mtandio mweupe, mara kivuli kikamfunika. Akainua macho. Kijana mrefu, kabeba mzigo wa kitambaa kizito begani.

"Sista, unaweza kunishonea hii?"

"Hii nini, Bwana? Shuka la jitu?"

"Tanga la mashua yangu. Limepasuka huko kisiwani Ndere."

"Na hilo shati je? Naona limekosa vifungo viwili."

"Nilivitoa makusudi, nikusikie ukisema."

Basi ikawa hivyo. Idd Ogola alikuwa akiwatembeza wageni ziwani, mwendo wa polepole, kutoka Kisumu hadi Luanda Kotieno, wakitia nanga kila ufuo wenye watu wakarimu. Tanga lilishonwa likaisha, lakini yeye hakuisha kuja. Akiwa mbali na soko, alipiga simu kwenye duka la jirani.

"Jaber, mrembo wangu, umekula?"

"Nimekula. Umetumia sarafu yako kuuliza ugali?"

"Nimeitumia nikusikie ukinigombeza. Jumamosi hii mashua haina wageni. Njoo."

Zeituni akakubali. Lakini binti wa Mzee Badru hasafiri peke yake na mwanaume, kwa hiyo akaja na mama yake, bila kumwambia Idd. Alitaka Mama amwone, ampende, maana yeye alikuwa ameshapenda kupita kiasi.

Walipofika ufuoni Idd alikuwa akicheka. Zeituni akasema, "Huyu ndiye Mama," na kicheko kikakatika. Mama akanyoosha mkono. Idd akarudi nyuma, kichwa chini.

"Salama, Mama," akasema, akageukia kamba zake.

Njia nzima aliwapa mgongo. Mama akafungua pilau, harufu ya bizari ikajaa mashuani.

"Mwanangu, njoo ule."

"Nimeshiba, Mama."

Hakuwa ameshiba. Tumbo lake lilinguruma wakasikia wote. Waliposimama kwenye ufuo mmoja njiani, Idd akala mapapai ya wenyeji, akataniana na kila mtu. Kurudi mashuani, bubu tena. Zeituni aliona haya kumtazama mama yake, aliyefunika pilau kimya kimya kama mtu aliyefukuzwa harusini.

Walipofika Luanda Kotieno, Zeituni alishindwa kuvumilia.

"Kama mama yangu ananuka, sema!" akapiga kelele, wauza samaki wote wakageuka. "Mkono wake hutaki, chakula chake hutaki! Kiburi cha nini? Hata hilo tanga nimelishona mimi!"

Idd akaitupa kamba ya mashua mchangani. Akaondoka akifuata maji.

Mwanamke mmoja, Selpha, aliyekuwa akigeuza samaki kwenye mafuta, akauliza, "Binti, yule mama ni nani wako?"

"Mama yangu mzazi."

Selpha akashika kiuno, akacheka mpaka machozi. "Yesu wangu! Umemfungia mwanaume ndani ya mashua na maro wake! Sisi hapa, mwanaume hashiki mkono wa mama wa msichana anayetaka kumwoa, wala hali mbele yake. Ndiyo heshima. Angekuwa anakuchezea tu, angekula hiyo pilau alambe na sufuria!"

Neno maro, yaani mama mkwe, Zeituni alilijua tangu utotoni. Hakujua tu kwamba Idd alikuwa ameshafika huko moyoni. Uso ukamwaka, akajifunika mtandio mpaka machoni. Mbele ya watu wote wale! Akatembea ufuo mzima akitamani mchanga ummeze.

Idd alikuwa amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa.

"Nimekuaibisha," Zeituni akasema.

"Na mimi nina aibu. Ningekuambiaje, mama yako amekaa pale? Ningekuwa natangaza ndoa kabla ya kutuma wazee kwa baba yako."

"Hukukasirika?"

"Nilikuwa na njaa, jaber. Ile pilau ilinitesa."

Zeituni akacheka huku analia. "Nisamehe."

"Nikusamehe ukiwa umejifunika hivyo? Hata sijui ni nani."

Akafunua jicho moja.

Zeituni na Mama wakalala kwa Selpha, aliyemweleza Mama yote, Idd akalala kwa jirani. Kesho yake, upepo wa kurudi ulipoanza, Mama akaenda mwenyewe kukaa mbele kabisa ya mashua, leso kichwani, mgongo kwa Idd. Walipokuwa katikati ya maji akasema, "Kitendawili!"

"Tega," Zeituni akajibu.

"Ninaye mgeni, kanipa mgongo kutwa nzima, na hakuna aliyewahi kuniheshimu kama yeye."

Idd akaacha kupiga mluzi. Zeituni akajibu kwa sauti ndogo, "Mkwe."

"Umepata. Mwambie huyo wa nyuma atume wazee wake kwa Mzee Badru. Pilau nyingine nimepika alfajiri, iko kwenye bakuli. Mimi natazama Kisumu mpaka amalize."

Zeituni akapitisha bakuli nyuma bila kugeuka. Hakuthubutu kumtazama usoni, bado. Alitazama mshono wake kwenye tanga, umejaa upepo, haujaachia hata uzi.

"Anakula?" Mama akauliza.

"Anakula, Mama."

"Polepole, kistaarabu?"

"Hata kidogo."