NANI ANAOSHA MRIJA WA MASHINE YA MWANANGU?

Dirisha lilikuwa wazi. Nikachungulia...

Mama mkwe wangu alikuwa amesimama kwenye sinki, anaimba zake. Mkononi ameshika mrija wa mashine ya kupumulia ya mwanangu, anaupitishia maji ya bomba!

Na ile nyumba haikuwa yangu. Wala haikuwa yake!

Kwenye kochi alikaa mume wangu, kampakata mtoto wa kiume anayefanana naye mpaka masikio.

"Baba, nimemaliza dawa," mtoto akasema.

Jamani... BABA???

Akatokea binti mmoja mrembo na chai, akampa mama mkwe.

"Asante mkwe wangu," mama akajibu.

Mkwe wangu! Mimi miaka yote ananiita "wewe".

Nilitaka kuingia niwavuruge wote. Mkono ulishafika kwenye kitasa... nikaurudisha. Hapana. Hawa watu ningewapa kelele tu, na mimi nilitaka kuwapa kitu cha kuwatosha.

Ngojeni kwanza niwaeleze nilifikaje pale, msije mkaniona chizi.

Binti yangu, tunamwita Kidoti, ana pumu. Ile mashine ya kumvutisha dawa kwa mvuke nilinunua mwenyewe kwa jasho la kushona mapazia. Muuguzi wa kliniki akanifundisha kuitunza. Mtoto akimaliza tu, unafungua barakoa na kikombe cha dawa, unaviosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, unasuuza, unakung'uta, unavitandaza kwenye kitambaa safi vikauke kwa hewa. Jioni unaviloweka kwenye siki iliyochanganywa na maji, halafu unasuuza kwa maji yaliyochemshwa yakapoa.

"Na mrija?" nilimuuliza.

"Mrija usiutie maji kabisa! Yakiingia humo hayatoki vizuri, wadudu wanahamia. Washa mashine, hewa ipite iukaushe. Na vyombo hivi ni vya mtoto mmoja tu, mama. Haviazimwi."

Sikuwahi kufanya mzaha na maneno yale. Majirani walinicheka eti naosha barakoa kuliko ninavyojiosha mwenyewe.

Lakini mwanangu akaanza kuumwa hovyo. Homa, kifua, wodini. Tukitoka, haupiti muda tumerudi. Mtoto akawa akiongea maneno machache tu anasimama kutafuta pumzi.

Daktari akanitazama kwa jicho baya.

"Mama, vyombo vyako vinakaa na unyevu. Unavikausha kweli?"

"Dokta, navikausha kuliko sahani zangu!"

Mama mkwe alikuwa pembeni ya kitanda. Weee! Si akapata pa kusemea!

"Nilisema mimi! Huyu mwanamke mchafu! Mjukuu wangu atakufa kwa uvivu wake!"

Wodi nzima ikageuka. Nikamwangalia mume wangu anitetee, hata kwa neno moja.

Akaangalia viatu vyake.

"Jumapili ni kikao cha familia," mama akamalizia. "Mtoto na mashine yake vinahamia kwangu."

Nililia mpaka macho yakavimba. Mtoto nimemzaa mimi, namlea mimi, leo nanyang'anywa kwa kuitwa mchafu!

Sasa, siku moja kabla ya kikao nikasahau mkasi wangu nyumbani. Nikarudi mchana kuuchukua... mashine haipo mezani! Nikatafuta mpaka chini ya kitanda. Wapi!

Nikarudi kazini kimya. Jioni nafika, mashine ipo pale pale, vyombo vimepangwa vizuri utadhani nimepanga mimi.

Nikauinua mrija kwenye mwanga.

Matone ya maji! Ndani kabisa, na ukutani mwake kuna utando wa kijani.

Damu ilinichemka. Mrija mimi siuoshi! Aliyeuosha ni mtu asiyejua, na hakuna mwenye ufunguo wa nyumba ile zaidi yangu na baba yake Kidoti, anayepita pita mchana na pikapu la kusambaza vinywaji.

Nikamwambia mume wangu, "Kesho asubuhi nina mapazia ya haraka ya mteja, nitakuja kwenye kikao jioni." Akafurahi huyo! Kidoti nikamwacha kwa jirani, halafu nikajibanza dukani ng'ambo ya barabara na mwenye pikipiki. Mume wangu akatoka na mashine, kaizungushia taulo la mwanangu. Nikamfuata mpaka kwenye lile dirisha nililowaambia.

Basi nikasubiri nyuma ya ukuta. Mume wangu na mama yake walipoondoka na mashine, nikabisha hodi.

"Karibu dada," binti akasema. Mpole kweli.

"Mimi ni mke wa huyo aliyetoka hapa."

Akacheka. "Na mke wake walishaachana. Mke huyo alimwacha mtoto kwa bibi yake, ndiyo maana mashine huwa inatoka kwa bibi."

Nikampa simu yangu aone picha. Mume wangu jikoni kwangu wiki ile, kavaa aproni yangu, anakaanga mayai.

Binti akakaa chini.

"Dada... mwanangu naye haponi. Kila nikimpa dawa, baadaye anazidi kukohoa."

"Haponi kwa sababu barakoa moja inavaliwa na watoto wawili, na mrija wake ni bwawa."

Tukaangaliana. Niliingia pale nikiwa na hamu ya kumng'oa nywele, walahi. Lakini adui yangu hakuwa yeye. Tukapanga.

Jioni, sebule ya mama mkwe ilijaa. Baba mkubwa kwenye kiti cha mbele, mashemeji, mawifi, kila mtu kanuna kama nimeua.

"Mtoto ahamie hapa," mama akaanza. "Mama yake usafi umemshinda."

"Shikamooni wazee," nikasema taratibu. "Mimi sina ubishi. Mama amchukue."

Mume wangu akanyanyua kichwa. Hakuamini!

"Ila naomba kitu kimoja, baba mkubwa. Mama atuonyeshe atakavyokuwa anaosha vyombo, nami nijifunze usafi."

"Hilo ni jambo jema," baba mkubwa akasema.

Mama mkwe akavimba kwa raha. Likaletwa beseni, na mashine aliyokuja nayo mume wangu. Akafungua barakoa, akafungua kikombe, akasugua kwa mbwembwe. Kisha akaukamata mrija, akaujaza maji, akaupuliza na kuujaza tena.

"Mnaona? Yeye huu hausafishi! Mimi nauosha kila siku!"

"Kila siku, mama?" nikauliza.

"Kila siku ya Mungu!"

"Mashine inalala kwangu, mama. Wewe hiyo ya kila siku unaiosha wapi?"

Mama akaurudisha mrija kwenye beseni. Mume wangu akaanza kujifuta jasho. Wifi yangu mkubwa akamgeukia, "Kaka, mbona unalowa?"

Mlango ukafunguliwa. Yule binti akaingia, na yule mtoto akachomoka mkononi mwake moja kwa moja.

"Bibiii!"

Akamrukia mama mkwe mapajani. Halafu akamwona mume wangu.

"Babaaa!"

Hakuna aliyeuliza ni wa nani. Masikio yalijieleza yenyewe!

Baba mkubwa akasimama. Sijawahi kumwona mzee yule akighadhibika vile.

"Shemeji, uliyajua haya?" akamuuliza mama mkwe.

"Nilitaka... wajukuu zangu wote wapate hewa. Mashine ni moja..."

"Na ukamwita huyu mchafu? Mbele ya watu, wodini?"

Ndipo nikaelewa kwa nini siku ile mama mkwe alisema mtoto NA mashine yake. Hakumtaka Kidoti hata kidogo, alitaka mashine ikae kwake, isiwe na safari za kujificha!

"Na wewe," baba mkubwa akamgeukia mume wangu, "ulikaa kimya mkeo akitukanwa, na unajua mwanao anaugua kwa siri yako?"

"Baba mkubwa, nisameheni, shetani..."

"Shetani ana pikapu?" nikamkata.

Shemeji mdogo alishindwa kujizuia, akacheka mpaka akatoka nje.

Kidoti akabaki kwangu. Mume wangu akaamriwa amnunulie yule mtoto mashine yake. Mimi nikanunua mrija mpya, kikombe kipya na barakoa mpya, vile vya zamani nikavikata kwa mkasi wangu wa mapazia mbele ya mume wangu, kipande kwa kipande, huku nikimwangalia usoni. Nilisikia raha ambayo siwezi kuisimulia.

Yule binti nilimfundisha mwenyewe kuosha vyombo vya mwanawe. Mtoto hana kosa.

Kidoti hajarudi wodini tangu hapo. Siku hizi anaongea mpaka namwomba apumzike.

Ndugu zangu mnaosoma, kifaa cha kupumulia si sufuria, hakiazimwi. Kioshe kila kikitumika, kikaushe kwa hewa, mrija usiutie maji. Na mtoto asipopona wakati wewe unajua umefanya kila kitu sawa, usikubali kulaumiwa kabla hujajua nani mwingine anakishika.

Mnaniuliza mume yuko wapi? Nilimfungia nguo zake nikampakilia kwenye pikapu lake mwenyewe. Akakimbilia kwa yule binti, akakuta kitasa kimebadilishwa. Sasa analala sebuleni kwa mama yake.

Jana mama mkwe kanipigia, sauti imeisha kabisa.

"Mwanangu, nakuomba, njoo umchukue mumeo. Hapiki, hafui, ananichosha mwili na roho."

"Mama," nikamwambia, "si ulitaka mtoto wa kulea? Huyo ni wako."

Nikakata simu.