Kadi za Nyigu

Kila Jumamosi asubuhi, kiranja wa usafi wa darasa la sita alifanya ziara rasmi kwenye banda la nailoni ambamo shangazi yake alilima nyanya. Cheo hicho kilikuwa cha shuleni tu, lakini mwenye cheo hakuwa na habari hiyo. Alikagua ndoo, akakagua mipira ya maji, kisha akamkagua kibarua wa banda, mzee aliyeitwa Kofia kwa sababu hakuna aliyewahi kukiona kichwa chake.

"Shikamoo, Mzee Kofia."

"Marahaba, Mheshimiwa. Leo umekuja na msafara au peke yako?"

Kofia alitoa karanga mfukoni, akamgawia konzi moja. Ndivyo alivyofanya siku zote.

Jumamosi hiyo Mheshimiwa aligundua uchafu. Kwenye mashina ya nyanya vilining'inia vikadi, kila kimoja kimejaa vidoa vyeusi kama pilipili manga iliyosagwa. Na mnunuzi wa nyanya alikuwa anakuja wiki iliyofuata! Kofia alipotoka kuchota maji, kiranja alivitungua vyote, akavichoma pamoja na majani makavu, akaenda zake kifua mbele kungoja pongezi.

Pongezi hazikuja. Waliokuja ni inzi weupe, wadudu wanaofyonza majani ya nyanya. Baada ya siku chache, ukigusa jani tu wanatimka kama majivu, na majani yenyewe yananata. Shangazi alisimama katikati ya banda, mikono kiunoni.

"Kofia, kadi za nyigu ziko wapi?"

"Mama, mimi niliziacha hapa hapa. Niliporudi na maji sikuzikuta, nikadhani umezitoa wewe."

"Kwa hiyo zimeota miguu? Kila kidoa kilikuwa nyigu mchanga! Si nyigu hawa wa kawaida. Ni wadogo kama chembe ya mchanga, hawamuumi mtu. Wanataga mayai ndani ya watoto wa inzi weupe, na nyigu akianguliwa anamla mwenyeji wake kutoka ndani. Ndio walinzi wangu hao! Umewauza kwa jirani, sema kweli!"

"Nyigu nitawauzaje, mama? Kwa kilo?"

Kiranja alikuwa mlangoni, mdomo umejaa karanga za Kofia. Hakuweza kutafuna wala kumeza. Kofia alimtazama mara moja, maana Jumamosi ile, zaidi yao wawili, hakuna mwingine aliyeingia bandani. Alingoja kidogo. Kisha akaweka funguo juu ya ndoo, akaondoka.

Jioni zote zilizofuata, shangazi alikula huku akimlaani "mwizi yule". Kiranja alivumilia, akavumilia, mpaka chakula kikamshinda.

"Shangazi, usimwite mwizi. Kadi nilizichoma mimi. Nilidhani ni uchafu."

Shangazi aliweka kijiko chini. Hakufoka. "Vaa viatu," alisema.

Walimkuta Kofia kwenye nyumba inayojengwa, anabeba matofali na vijana wenye umri wa wajukuu zake.

"Nisamehe, mzee wangu," shangazi alisema. "Nilikuhukumu kabla ya kukusikiliza."

Kiranja naye aliomba radhi, akiangalia vidole vya miguu yake.

"Nitarudi," Kofia alimjibu shangazi. "Matofali ni mazito."

Alirudi kweli. Kadi mpya zikatundikwa, nyigu wakafanya kazi yao, inzi wakapungua. Mnunuzi, hata hivyo, alikuwa amekwisha kwenda kwingine.

"Shangazi, mbona Mzee Kofia haongei na mimi?" kiranja aliuliza.

"Kuchoma kadi ulikosea kwa kutojua. Ungeuliza, ungejua, basi. Lakini kunyamaza mwenzako akitukanwa, hapo ulijua unachofanya. Nyigu nimenunua wengine. Hicho ulichokiharibu kwa Kofia, sijui kinauzwa duka gani. Ukweli useme mapema, mwanangu, kabla mwingine hajakubebea mzigo."

Jumamosi ilipofika, kiranja alisimama mlangoni mwa banda.

"Shikamoo, Mzee Kofia."

"Marahaba, mtoto."

Kofia alitoa karanga mfukoni, akazila mwenyewe, akaendelea kukagua kadi zake.