Nusu ya Uso Iliyokuwa Gizani

Mwanga ndani ya picha ulianza kusogea, na wafanyakazi wote waliokuwa kwenye roshani ya Jumba la Sanaa la Morogoro wakasogea karibu.

Ilikuwa picha ya rangi za mafuta, iliyochorwa Ulaya karne nyingi zilizopita. Mwanamke wa makamo, mtandio mweusi, nusu ya uso inang'aa na nusu nyingine imemezwa na giza. Wachoraji wa zama zile walipenda mchezo huo. Waliwasha taa upande mmoja, wakaacha kivuli kizito upande wa pili, kisha mtazamaji akahangaika mwenyewe kukisia mwanamke anawaza nini. Mhandisi Veneranda Mkude alikuwa amemaliza kazi ya kukisia. Mtambo wake, kifunuzi, ulihamisha mwanga wa picha na kuufanya uso uitikie kama wa mtu aliye hai. Sasa mwanga ulivuka pua, ukapanda shavu la pili, na jicho ambalo hakuna aliyewahi kuliona likajitokeza. Lilikuwa limetoka pima kwa woga.

"Mama yangu!" mlinzi mmoja akaguta.

Bwana Kobelo, mkurugenzi wa jumba, akapiga makofi. Veneranda hakupiga. Mdomo ule uliopinda upande, shingo ile iliyojikunyata, alivijua tangu utotoni. Ule ulikuwa woga wa Koleta, mdogo wake.

Mashine haijui kuogopa. Ili kivuli kijae, ilibidi mtu avae kofia ya hisia na kuazimisha hofu yake, na katika ukoo mzima wa Mkude hapakuwa na mwoga kama Koleta. Mwanamke mzima, lakini jogoo akimkazia macho anakimbia! Radi ikipiga anaingia uvunguni. Walimcheka miaka yote, na Veneranda ndiye aliyeongoza kucheka. "Leo woga wako umepata kazi," alimtania siku alipomvalisha kofia. Kifunuzi kilitakiwa kunakili hofu tu, lakini kiliihamisha yote, kama mtu anavyomimina maji kutoka ndoo hii kwenda ile.

Veneranda aligundua hilo asubuhi hiyo nyumbani kwao, katika ghorofa refu. Koleta alikuwa ameketi juu ya ukingo wa kibaraza, miguu inaning'inia nje, anamenya chungwa. Chini kabisa magari yasiyo na dereva yalikuwa yanapita.

"Koleta! Shuka hapo!"

"Nishuke wapi, dada? Huku au kule?" Koleta aliuliza huku akicheka, akiinama kutazama kule.

Veneranda alimvuta ndani. Hakuthubutu kumwacha peke yake. Alikuja naye kazini akiwa amemshika mkono njia nzima, akamvalisha kofia tena, na sasa alikuwa anamkabili mkurugenzi.

"Mkurugenzi, naomba turudishe. Nataka kumrudishia mdogo wangu hofu yake."

"Sasa hivi?" Bwana Kobelo alishusha sauti. "Wageni wa ufunguzi wako mlangoni, mama. Na ukirudisha, huyu mwanamke hatafunuka tena. Mdogo wako mwenyewe ana raha zake. Kuna mtu aliyekufa kwa kukosa woga?"

"Atakufa leo."

"Tumalize ufunguzi kwanza. Jioni utafanya utakavyo."

Veneranda aligeuka kumtafuta mdogo wake. Koleta alikuwa amepanda ukingo wa roshani, amesimama wima, viatu mkononi, ili aione picha vizuri.

"Dada, kumbe mzuri hivi!" alisema, akaegemea nyuma kidogo, kwenye utupu.

Veneranda alitembea taratibu, maana kukimbia kungeweza kumshtua mtu yeyote mwingine, naye hakujua tena mdogo wake alikuwa mtu wa namna gani. Alimfikia, akamkumbatia miguu kwa nguvu zote.

"Kifunuzi," akaita. "Rudisha."

"Mhandisi!" Bwana Kobelo akapaza sauti, lakini mtambo ulitii sauti ya Veneranda peke yake.

Mwanga ukaanza kurudi ulikotoka. Mwanamke wa pichani aliuona ukiondoka. Mdomo ukafunguka, jicho likamtafuta Veneranda na kumsihi, na uso huo sasa ulikuwa Koleta mtupu, Koleta aliyemlilia mara elfu asimfanyie utani. Veneranda alitamani kusema acha, akauma midomo mpaka giza likalifunika shavu, na jicho pamoja nalo.

Juu yake Koleta akapiga yowe.

Alianguka mikononi mwa dada yake, wakaporomoka wote sakafuni, upande wa ndani. Veneranda alikuwa analia na kucheka. "Umerudi, mdogo wangu! Umerudi!"

Koleta aliutazama ukingo. Aliivua kofia, akaitazama. Kisha akaitazama mikono iliyokuwa imemshika, akajinasua na kujiburuta kwa makalio mpaka mgongo ukagonga ukuta.

"Koleta, ni mimi."

"Najua ni wewe," Koleta alisema, meno yakigongana. "Usinisogelee, dada. Nakuomba."