Kona Zilizokunjwa

Kisomeo kilikohoa. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali limejaa uani, na fundi wa kujalidi vitabu alikuwa mezani akishona daftari la mteja aliposikia kile kidude bapa cha umeme alichosomea vitabu marehemu mkewe kikikohoa kidogo chumbani, kama alivyozoea kukohoa mkewe kabla ya kufungua ukurasa. Akajiambia ni jirani. Lakini jirani gani huyo, na nyumba ya upande ule haina mtu tangu mwaka jana?

Kisomeo alikinunua mwenyewe, tena kwa moyo mkunjufu. Macho ya mkewe yalikuwa yanapungua nguvu, na kidude kile kiliweza kukuza herufi mpaka zikawa kubwa kama vifungo vya shati. Kilibeba vitabu mia tatu na hakikuzidi uzito wa sahani. Macho yakichoka, kilimsomea kwa sauti, ile sauti ya mtu aliyebanwa na mafua.

Ila kulikuwa na sababu nyingine ambayo hakumwambia mtu. Miaka ishirini na nane walikuwa wakigombana juu ya kona. Mkewe, mwalimu mstaafu, alikuwa na tabia ya kukunja kona ya ukurasa alipoishia, na kuandika pembeni kwa wino: "Mwongo huyu." "Hapa nimelia." Kwa mtu wa kujalidi vitabu huko ni kuvunjiwa heshima ndani ya nyumba yako. Kila jioni alipita na kipande chake cha mfupa cha kulainishia karatasi akizinyoosha kona moja moja huku akinung'unika, na kesho yake mke akazikunja tena, makusudi, akimwangalia usoni. Sasa kisomeo hakina kona. Nyumba ikapata amani, na kabla mwaka haujaisha mke akafariki.

Basi siku ya pili kikohozi kikarudi, saa nane ile ile, saa ambayo mkewe alizoea kumsomea yeye akishona. Siku ya tatu ile sauti ya mafua ikaanza kulegea, ikapata joto. Siku ya nne ilikuwa sauti yake, yake kabisa, ikivuta pumzi katikati ya sentensi ndefu kama alivyokuwa akivuta, na harufu ya dawa ya kuchua aliyokuwa akijipaka shingoni ikatoka chumbani, ikapita mlangoni, ikamfikia fundi mezani, naye akaacha sindano ikining'inia kwenye uzi, akalaza kichwa juu ya daftari la mteja, akalia mpaka karatasi zikaloa. Hakuogopa. Jamani, hapo ndipo jini aliyeingia katika kidude kile alipomweza, hakuogopa hata kidogo.

Akawa anakichaji kila asubuhi kwa uangalifu wa mtu anayemnywesha mgonjwa dawa. Kazi za wateja zikalala. Wakija kuulizia, akawaambia kwa sauti ya chini waje kesho.

Jumamosi binti yao, muuguzi, akaja kuomba kitabu kimoja cha mama yake akakiweke kwake. Akachukua cha kwanza rafuni, akakifunua, akachukua cha pili, cha tatu. Akamuuliza baba yake, kwa sauti ya mtu anayejizuia, kwa nini ameyafuta maneno ya mama. Fundi akaapa hajagusa. Wakavishusha vitabu vyote sakafuni. Vingi vilikuwa safi kama vimetoka kiwandani jana, hakuna kona, hakuna wino, hata lile doa la chai walilolicheka miaka yote halikuwepo.

Vilibaki kama kumi ambavyo havijaguswa. Saa nane ikafika wakiwa bado wamekaa sakafuni. Kikohozi kikasikika chumbani, sauti ikaanza, na katika kitabu kilichokuwa mapajani mwa binti kona ikajinyoosha polepole kana kwamba inapigwa pasi na kidole kisichoonekana, na wino ukafifia herufi kwa herufi, "Hapa nimelia" ikawa "Hapa nime", ikawa "Hapa", ikawa karatasi tupu, huku kule ndani sauti ya mama ikizidi kunawiri, karibu icheke.

Binti akamshika mkono. "Baba," akanong'ona, "yule si mama. Anamla mama."

Mganga aliyeletwa kesho yake alikuwa mama mfupi mwenye miwani na mkoba wa kawaida. Wakati huo rafu nzima ilikuwa imeshakuwa nyeupe. Hakuchoma kitu, hakupiga kelele. Alisimama mlangoni akasikiliza, kisha akamvuta fundi pembeni.

"Huyu hana sauti yake. Anatafuna alama za marehemu ndipo anapata ya kusemea," alisema. "Usikichaji tena. Kikizimika, hana kinywa."

"Na nikitaka kumsikia mke wangu?"

"Mkeo hayumo humo, baba."

Fundi akatii. Siku mbili kisomeo kikasoma kwa sauti inayokwenda ikidhoofika, na fundi akakaa nje ya mlango, mikono masikioni, mpaka kikazimika. Alisema ni kama kumzika mara ya pili.

Wiki hiyo akarudi kazini, na chini ya meza akakuta kitabu alichokisahau. Mkewe alimpa akijalidi upya kabla hajalazwa hospitali. Kilikuwa bado kimebanwa katika kibano cha mbao, skrubu zimekazwa, na jini hakuweza kukifunua. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na kona iliyokunjwa, na wino: "Fundi wangu, kona hii niachie."

Akiwa na hasira mkewe alimwita Fundi. Fundi wangu ilikuwa ya siku za amani.

Siku kumi na tisa aliyasoma maneno yale, asubuhi na jioni. Lakini karatasi haisemi. Akaanza kusahau alivyokuwa akilivuta lile neno "wangu", kwa urefu gani, na kusahau huko kulimuuma kuliko msiba. Sikio la kufa halisikii dawa. Akakichomeka kisomeo kwenye umeme, mara moja tu, akakaa na kitabu wazi mapajani.

Saa nane kikakohoa.

"Fundi wangu, kona hii niachie."

Ilikuwa sauti yake hasa, na "wangu" ikavutwa pale pale ilipostahili. Fundi akafumba macho. Alipoyafumbua ukurasa ulikuwa mweupe. Sauti ikavuta pumzi kutaka kuendelea, na kwa kuwa hapakubaki alama ya kutafuna, ikanyamaza.

Akangoja mpaka magharibi. Kisha, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akakunja kona ya kitabu kwa vidole vyake mwenyewe, akaibana, akaiachia.

Kona ikajinyoosha.