Upande wa Kulia wa Shangazi

Asubuhi soko likiwa limefurika, gari la harusi la kukokotwa na farasi lilipanda kibaraza cha duka la mikoba na kung'oa turubai la kivuli. Hakuna aliyeumia. Fundi wa duka alitoka na sindano mdomoni, gauni lake la bluu limejaa vumbi la ngozi, na wala hakulitazama turubai. Alimtazama farasi: jike jeupe, nene, masikio yamelala nyuma, mabega yanatetemeka.

"Samahani sana, dada," alisema mwendesha gari akiruka chini. Alikuwa kijana mrefu mwenye koti jekundu la vifungo vya shaba, na kofia ilikuwa imemwenda upande. "Shangazi leo ameamka vibaya."

"Shangazi gani?"

"Huyu hapa. Tulimpa jina hilo kwa sababu hakuna kosa la mtu linalompita."

Fundi alitoa sindano mdomoni. "Na wewe?"

"Wananiita Hatamu."

"Basi, Bwana Hatamu, toa pumzi."

"Nini?"

"Umebana pumzi tangu ulipokuwa juu. Yeye anasikia. Anajiuliza, kama anayeniongoza hathubutu kupumua, huko mbele kuna nini?"

Hatamu akatoa pumzi. Sikio moja la farasi likageuka na kumwelekea. Kijana akacheka kwa mshangao, na mapenzi, ambayo hayajawahi kupiga hodi kwa mtu, yakaanzia hapo penye turubai lililochanika.

Mambo ya farasi Fundi aliyapata kwa baba yake. Naye alikuwa mwendesha gari. Siku moja alitoka nyumbani akipiga mluzi, akarudishwa amefunikwa, farasi wake alikuwa ameshtuka kwenye mteremko wa benki. Tangu siku hiyo mama yake Fundi hakutaka hata kusikia kwato zikipita mtaani.

"Chagua yeyote," alimwambia bintiye. "Chagua hata mchimba makaburi, yeye angalau jioni hurudi nyumbani. Usiniletee mtu wa farasi."

Lakini moyo si nyanya uuchague. Kila jioni simu ililia.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula. Shangazi ameshindaje?"

"Unamuulizia yeye kabla yangu?"

"Wewe una mdomo wa kujisemea, mpenzi. Yeye hana."

Shangazi hakuwa ameshinda vizuri. Alishtushwa na baiskeli, na miavuli, na watu waliotembea zao kwa amani. Hatamu akamwomba Fundi amshonee ngozi pana zaidi za kukinga macho pembeni, aone machache, aogope machache. Ndiyo maana Fundi akaenda bandani na utepe wake wa kupimia.

Alipima upande wa kushoto, farasi akatulia. Alipozunguka kulia, farasi aliruka na kumbana ukutani hata pumzi ikamkatika. Fundi hakupiga kelele. Alisimama hapo akiongea polepole mpaka mnyama akampa nafasi, kisha akapitisha kiganja mbele ya jicho la kulia. Jicho halikupepesa. Ndani yake palikuwa na wingu jeupe.

Watu wa farasi wana mazoea yao. Farasi huendewa kwa kushoto, hufungwa kwa kushoto, huongozwa kwa kushoto. Baba alifanya hivyo, mtoto akafanya hivyo. Jicho la kulia lilikuwa likijificha nyuma ya ngozi kila siku ya kazi, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kulichungulia.

"Haoni upande huu," Fundi alimwambia Hatamu. "Kila kinachotoka kulia kinamtokea kama jini. Mnamwita mwoga, kumbe ni kipofu."

Hatamu alikaa juu ya ndoo. "Usimwambie baba mdogo." Huyo ndiye aliyekuwa mwenye gari, na mwenye farasi. "Akijua atampeleka machinjioni. Nipe muda nimzoeze sauti."

"Na wewe ukiburutwa?"

"Siogopi."

Masikio ya Shangazi yakalala nyuma. Fundi aliyaona, akaogopa kwa niaba ya wote wawili. Aliahidi kunyamaza. Lakini alipofika nyumbani machozi yalimtoka, mama akauliza, na mtoto wa mama hafichi. Akasema yote.

Siku chache baadaye simu ililia, na safari hii haikuuliza habari za chakula.

"Umekwenda kwa baba mdogo."

"Mimi?"

"Tulijua watatu. Mimi, wewe na Shangazi. Shangazi hasemi."

"Hatamu, nisikilize..."

"Jumamosi atambeba binti wa baba mdogo mpaka ukumbini. Jumatatu machinjioni. Ahsante, fundi."

Akakata. Fundi alipiga tena na tena. Simu ilikuwa imezimwa. Alishona siku hizo zote bila kuongea, na kila mshono ulikwenda kombo.

Jumamosi mama yake aliweka kikombe chini. "Ni mimi niliyekwenda kwa huyo mwenye gari. Nilidhani atalisimamisha gari. Alicheka. Alisema jicho moja linatosha kufika ukumbini."

"Mama."

"Wanapita wapi?"

Fundi alijibu kwa shida. "Mteremko wa benki."

Mama aliinuka, akafungua mlango. "Sasa umekaa hapa unafanya nini?"

Alikimbia na gauni lake la kazi. Alipofika juu ya mteremko gari lilikuwa limeshaanza kushuka. Magari ya wasindikizaji yalilipita kwa kulia yakipiga honi, na kila honi ilimtoa Shangazi povu jipya shingoni. Alikuwa akitembea kiubavu. Nyuma, bibi harusi alishikilia kiti kwa mikono miwili, shela limemwangukia usoni, na bwana harusi alikuwa amemkumbatia.

Fundi alitokea mbele kwa kushoto ili aonekane, akapita chini ya shingo ya farasi na kukaa upande wa kulia, baina yake na magari. Akaweka kiganja shingoni, hakupigapiga, alipapasa polepole.

"Ondoka hapo," alisema Hatamu kutoka juu. Sauti yake ilikuwa ya kubembeleza mtoto, maana sauti nyingine yoyote ingewaua.

"Siondoki," Fundi alijibu kwa sauti ile ile, akitembea. "Taratibu, Shangazi. Na sikwenda kwa baba yako mdogo. Taratibu, mama. Nilimwambia mama yangu, na huo ndio ubaya wangu wote."

"Ungenieleza."

"Ulizima simu, mjinga wewe. Hivyo hivyo, mrembo, hatua nyingine."

"Nisamehe."

"Tutaona tukifika chini."

Honi ikalia tena, karibu kabisa. Gari likasukuma kwa nyuma, kwato zikateleza kwenye lami, na masikio ya Shangazi yakalala. Mbele yao ilikuwa kona. Fundi aliijua kona hiyo, alikuwa akiikwepa tangu utoto.

"Umebana pumzi, Hatamu."

"Siogopi."

"Usimdanganye. Wala mimi usinidanganye."

Hatua kadhaa alitazama kona ikija. Kisha koti jekundu likalegea mabegani.

"Naogopa," alisema. "Naogopa nitawaua hawa walio nyuma yangu. Naogopa utakanyagwa nikiona. Sijalala vizuri tangu uliponionyesha lile jicho." Na pumzi yote ikamtoka.

Shingo ya farasi ikashuka. Shangazi akatafunatafuna, akapuliza puani kwa nguvu, akanyoosha mwendo.

"Na sisi huku tunaogopa," alisema bibi harusi nyuma, kwa upole ule ule. Wakaipita kona.

Baba mdogo alikuwa amesimama chini ya mteremko. Aliona yote. Alimshusha binti yake, na binti akamwambia kwamba akimpeleka farasi huyu machinjioni yeye ukumbini haingii. Mzee hakubishana. Alimkabidhi Hatamu kamba ya farasi. "Ni wako," alisema. "Sitaki kumwona."

Alasiri, bandani, Fundi alimsugua Shangazi kwa majani makavu. Kitu kikamtuma apitishe kiganja mbele ya jicho la kushoto. Likapepesa, lakini kwa kuchelewa. Akarudia. Likachelewa tena.

"Hatamu. Njoo uone."

Aliona. Wingu lilikuwa limeanza na huku.

"Litalifunika jicho lote lini?"

"Sijui."

Farasi alikuwa akila nyasi zake bila habari. Hatamu alivua kofia, akaizungusha mikononi. "Atahitaji mtu kila upande," alisema. "Mimi kushoto nimeshazoea."

"Unaomba nini hasa?"

"Nakuomba ukae kulia. Maisha yote."

"Unaogopa?"

"Sana."

Kabla ya kujibu Fundi aliyatazama masikio ya Shangazi. Yalikuwa wima, yamewaelekea wao wawili.

"Basi nenda kamwambie mama," alisema. "Na ukifika kwake, usibane pumzi."